Jina Nililolipaza Mbugani

Andika neno kujitolea, mjukuu wangu, na usiliandike kwa haraka. Nimelisikia likisemwa kwa utamu mara nyingi maishani mwangu, na kila mara aliyelisema alikuwa amekaa kivulini. Mimi nilijitolea mara moja tu, katika miaka ile ya sabini tulipokuwa tunatolewa migombani kwetu na kupelekwa vijijini, na hakuna aliyeniuliza kama ninapenda.

Tuliishi Kumsenga, upande wa Kibondo, katika boma la baba wa mume wangu. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama wanaume wengi wa Buha, na habari zake zilitufikia pale tu alipokuwepo mtu wa kuzileta. Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi alikuja, akasema kwamba wakubwa wamechagua bonde zuri huko chini, upande wa Moyowosi, na kwamba kila boma litoe watu wawili wa kujitolea. Hao wangetangulia kukata miti na nyasi na kusimamisha vibanda kabla familia hazijaletwa. Baba mkwe wangu akasema atakwenda yeye, kwa sababu ujanani alikuwa mwindaji na pori alilijua. Kisha akanyoosha mkono upande niliokuwapo, bila kunitazama.

"Na mkamwana," akasema.

Baba yako wakati huo alikuwa anasimama kwa kushika kinu, na alikuwa bado ananyonya. Nilimwambia mama mkwe, kwa sauti ya chini kama ilivyonipasa, kwamba mtoto hajaachishwa. Akanijibu kwamba yeye ameachisha watoto wengi, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kukosa titi. Dada wa mume wangu, wifi yangu, ambaye alikuwa hajaolewa, akajiongeza kuwa wa tatu. Katika watu wote wa safari ile, yeye peke yake ndiye aliyejitolea kweli, kwa kuwa alitaka kupanda lori.

Sasa andika desturi, maana vijana wa leo mnawaita wakwe zenu kwa majina kama mnavyowaita mbuzi. Kwetu mke halitamki jina la baba wa mumewe. Halitamki mbele yake, wala akiwa peke yake shambani, wala akiwa ameshikwa na homa. Anayelitamka amemvua mzee nguo mbele za watu. Kosa hilo haliishi kwa kuomba radhi. Mwanamke anarudishwa kwa wazazi wake, na harudi mpaka alete pombe, ukoo ukae, unywe, useme yamekwisha. Mtoto hambebi. Mtoto ni wa ukoo, naye hubaki.

Desturi hiyo ilinipata mapema. Kibondo mjini, kando ya lori, kiongozi wa wajitoleaji alitupanga mstari. Alikuwa kijana wa mbali, amevaa viatu vizito na filimbi shingoni, na alitangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mzee wala mtoto, wote ni ndugu. Alipofika kwangu, baba mkwe alikuwa amekwenda kujikatia fimbo.

"Umekuja na nani, ndugu?"

"Nimekuja na wifi yangu huyu, na baba wa mume wangu."

"Baba wa mume wako ana jina?"

"Analo."

"Basi litaje."

"Waulize wengine."

"Nakuuliza wewe! Yaani unaishi na mtu nyumba moja na jina lake hulijui?"

Wifi yangu akajishika tumbo kwa kicheko. "Ndugu kiongozi," akasema, "huyo hata ukimchapa hasemi. Akisema, sisi tunakunywa pombe na yeye analala kwa baba yake. Mwache, usitupe kiu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Kiongozi akasema hizo ni mila za giza, akapuliza filimbi yake, tukapanda.

Lori lilitufikisha mwisho wa barabara, na kutoka hapo tulitembea. Mlima ulituachia bonde, na bonde likatupokea na mbung'o. Wadudu hao wanauma juu ya nguo, na kadiri unavyowapiga ndivyo wanavyorudi. Kiongozi alikuwa ametuahidi wanyama wazuri na maji mengi. Mnyama wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa nyani, naye hakuwa na haja ya uzuri. Kundi zima lilitushukia tulipokuwa tumepumzika, wakachukua mfuko wa unga wa muhogo uliokuwa chakula chetu cha siku nyingi, na mmoja akachukua kofia ya kiongozi. Kiongozi akamkimbiza, akipuliza filimbi. Dume kubwa la nyani likageuka, likakaa chini, likamwonyesha meno, na kiongozi akarudi kwetu kwa kasi kubwa kuliko ile aliyokwenda nayo.

"Ndugu nyani amekataa mkutano," akasema mzee mmoja.

Baba mkwe wangu hakucheka. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye kukohoa badala ya kujibu. Alisema tu kwamba hapo palikuwa mahali pa nyani kabla ya kuwa mahali pa kijiji, na kwamba wanyama hawajaambiwa habari za wakubwa. Maneno yale yalikuwa mazuri. Nayasema kwa sababu yalikuwa yake, na sitaki uandike mabaya yake peke yake.

Kambi tuliiweka penye miti, karibu na mbuga ya nyasi ndefu. Siafu walituingilia katika kibanda cha kwanza na kututoa nusu uchi, wanaume kwa wanawake, ikawa vigumu kesho yake kutazamana. Tembo walipita katikati ya nguzo tulizosimamisha, wakazilaza zote bila hasira, kama mtu anavyopitisha mkono mezani. Katika tope walipokanyaga, wifi yangu alitumbukia mpaka pajani, mguu ukakwama, na tulipomvuta tulimtoa bila kandambili. Aliililia kandambili ile kuliko mimi nilivyomlilia mtoto. Maana mimi sikulia. Matiti yalijaa yakawa mawe, nikawa najitenga na kuyakamua chini, na wifi akanikuta hivyo.

"Wifi, unawanyonyesha mchwa?"

"Nanyamazisha maumivu."

"Wakikua watakuita mama, angalia!"

Alikuwa na mdomo huo, lakini alikwenda akanichemshia majani ya kukanda, akakaa nami mpaka nikapumua. Mtu mmoja anaweza kuwa na mdomo wa moto na mikono ya maji. Nilimjua hivyo, wala sikumwogopa. Kumbe ilinipasa kumwogopa.

Siku yenyewe tulikuwa tunakata nyasi za kuezekea. Wanaume walitangulia na mundu, wameenea mbugani mmoja mmoja, na wanawake tulifuata nyuma kufunga mizigo. Mimi nilipanda juu ya kichuguu, kwa sababu upepo ulikuwa juu na nilitaka kuupata. Baba mkwe alikuwa mbali na wenzake, karibu na matete, ameinama anakata na kuimba polepole wimbo wake wa ng'ombe. Nyuma yake yangeyange, wale ndege weupe, waliruka wote kwa pamoja. Nikatazama walipotoka. Nikaona mgongo mweusi ukipasua matete, halafu pembe.

Alikuwa nyati dume, mpweke. Hao waliofukuzwa na kundi lao ndio wabaya. Hakuwa anakimbia. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Nilipiga kelele, "Baba!"

Wazee wawili waliokuwa upande mwingine wakainua vichwa, wakanitazama. Wao pia niliwaita baba kila siku. Yeye hakuinua. Nikaita tena, "Baba! Nyuma!" Mmoja wa wale wawili akageuka nyuma yake, akaona nyasi, akaniuliza kwa mkono kuna nini. Yule wangu aliendelea kukata na kuimba. Wala angewezaje kujua kwamba ninayemwita ni yeye? Tangu nilipoolewa sikuwahi kumwita kwa sauti kubwa. Mkamwana hupeleka neno kwa kupitia mtu, au hukohoa mlangoni.

Nyati aliinamisha kichwa.

Nikalitamka jina lake. Nililipaza lote, la kwake na la baba yake, mpaka koo likaniuma, na mbuga ikalirudisha.

Akasimama. Hakusimama kwa kuogopa mnyama, kwa maana alikuwa hajamwona. Alisimama kwa kusikia mdomo wangu ukisema jina lile. Aligeuka akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza katika maisha yetu, na uso wake ulikuwa umejaa ghadhabu. Katika kugeuka huko ndipo alipomwona aliyekuwa nyuma yake. Kando yake palikuwa na shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, akajitupa humo kichwa mbele. Nyati akapita juu yake, akamkanyaga kifundo cha mguu kilichobaki nje, akautia pembe mzigo wa nyasi na kukimbia nao kichwani kama bibi harusi aliyefunikwa, mpaka akapotea upande wa pili wa mbuga. Kiongozi alikuwa juu ya mti, filimbi mdomoni, na kila alipohema filimbi ililia.

Tulimtoa baba mkwe shimoni akiwa na vumbi kama mtu aliyechimbuliwa. Kifundo kilikuwa kimevunjika, lakini uhai alikuwa nao wote. Wazee wale wawili walinipigia makofi ya taratibu, yale ya heshima, kama wanavyosalimiwa wakubwa. Wifi yangu alinishika bega, macho yamemtoka.

"Umelitaja," akaninong'oneza. Halafu akacheka, ule mcheko wa mtu aliyeponea chupuchupu. "Ee, mke wa kaka yangu, umelitaja lote, na ukoo juu yake!"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nitanyamazaje? Hata nyati amelisikia."

Tulimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, na lori likaturudisha kupanda mlima. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijisemea kwamba mtu akitolewa mdomoni mwa kifo, atasimama mwenyewe na kusema nani alimtoa. Nilihesabu pia kwamba mtoto hajanisahau.

Mtoto alinijia kwa kutambaa, akashika nguo yangu, akanyonya. Hilo liandike. Alinyonya siku ile yote.

Jioni wifi yangu alisimulia safari. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka watu wacheke, na walicheka habari za nyani, wakacheka habari za kandambili. Alipofika mbugani alisimama, akaweka mikono mdomoni, akaiga nilivyopaza sauti, isipokuwa pale penye jina yeye alilitaja bila shida, maana ni baba yake. Alidhani ananisifu. Mama mkwe, aliyekuwa anapepeta maharage, akaacha ungo.

"Amesema nini?"

"Lakini mama, nyati alikuwa hapa na baba yuko hapa!"

"Sikukuuliza nyati alikuwa wapi."

Kesho yake ndugu wa ukoo walikuja wakakaa. Mimi nilipiga magoti mlangoni, mtoto mgongoni. Baba mkwe alikuwa amenyoosha mguu uliofungwa vijiti. Kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa mwamuzi, akamgeukia.

"Mdogo wangu, tumesikia. Wewe mwenyewe ulimsikia huyu mwanamke akikutaja?"

Nilimtazama miguu, maana uso sikuruhusiwa. Nilijua kwamba majibu yalikuwa mawili tu, na kwamba moja lingenisaidia. Angesema, "Nilimsikia, na ndiyo maana niko hapa." Wazee wasingeweza kumrudisha nyumbani mtu aliyempa ndugu yao uhai. Pengine wangeniambia nilete pombe kidogo kwa kutimiza desturi, nikiwa na mtoto wangu.

Akakohoa.

"Sikusikia kitu," akasema. "Nilimwona mnyama mwenyewe. Mimi ni mwindaji."

Wifi yangu akaruka, "Baba! Si uligeuka ukamtazama?"

"Mtoto wa kike asinifundishe nilichokiona."

Mwamuzi akatafakari. Kisha akasema kwamba kutajwa kumethibitishwa na binti wa nyumba, na kwamba mwenye jina hakunufaika nako kwa lolote. Hivyo kosa limebaki kosa, peke yake. Fahamu jinsi walivyolijenga jambo lile: nililitaja kiasi cha kuhukumiwa, lakini sikulitaja kiasi cha kumwokoa. Sijasoma hata darasa moja, lakini kamba kama hiyo naiona ilivyosukwa.

Mama mkwe alikuja akafungua fundo la mbeleko kifuani kwangu. Hakuwa na ukali, alilifungua kama mtu anavyoanua nguo. Mtoto alikuwa amelala. Hakuamka.

Nilitembea kwenda kwetu Heru Juu, karibu na Kasulu. Wifi yangu alinisindikiza kitambo, analia, akisema hakujua. Nikamwambia arudi. Sikumsamehe wala sikumlaumu. Sikuwa na nafasi ya hayo mawili.

Baba yangu aliniona uani, akajua bila kuuliza. Pombe ya ukoo ni ya ndizi, na ndizi hazikuwepo. Wao pia walikuwa wamehamishwa kutoka migomba yao ya zamani, na katika kiwanja kipya walichopewa migomba ilikuwa vichipukizi vya kufika gotini. Tungerudi mahameni kukata mikungu ya zamani, ila ngedere walikuwa wameshahamia na kuila mibichi. Nilikaa nikilima muhogo wa mama yangu na kungoja migomba ikue. Kuna aina nyingi za kungoja, na ile ya kungoja mgomba ukiwa na maziwa kifuani siiombei hata adui. Maziwa yalikauka. Mvua ilikuja ikaondoka, ikaja tena.

Pombe ilipopatikana, ndugu zangu waliibeba vibuyuni na tukapanda mpaka Kumsenga. Bomani hapakuwa na mtu. Yalibaki mafiga matatu na nyasi ndani ya nyumba. Jirani aliyejificha asihamishwe akatuambia kwamba wote wamepelekwa kwenye kijiji kipya bondeni. Tukashuka. Nilikiona kijiji kutoka mbali, vibanda vimesimama mstari kama vilivyopangwa, na baadhi yake vilikuwa vimeezekwa kwa nyasi nilizozifunga kwa mikono yangu.

Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa kwa mirija. Baba mkwe alionja kwanza, kama mwenye jina. Mwamuzi akasema yamekwisha. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikatoa salamu yetu, "Mwakeye", kwa kila mzee, naye kila mzee akanijibu vizuri kana kwamba nimetoka kisimani. Baba yako alikuwa anatembea na kukimbia. Alijificha nyuma ya bibi yake, na bibi yake akamsukuma mbele.

"Msalimie mgeni," akamwambia.

Akamsalimia mgeni. Alikuwa na adabu njema.

Sikuondoka. Wengine wameniuliza kwa nini, hata mama yako aliniuliza. Niliondolewa mara moja na nikaona bei ya kurudi. Mtoto nilimpata kidogo kidogo, mchana mmoja kwa muhogo wa kuchoma, mchana mwingine kwa panzi, na usiku aliendelea kulala kwa bibi yake mpaka akawa mkubwa wa kuchagua. Mume wangu alirudi kutoka Tanga baada ya yote, akaambiwa kwamba mke wake aliwahi kukosea na akatengeneza. "Vyema," akasema.

Lakini kuna jambo la baba mkwe nililoliona baada ya hapo, nami ndilo nililotaka uliandike. Mguu wake ulipona vibaya, akawa anachechemea. Hata hivyo kila msimu alikwenda mbugani kukata nyasi na matete, maana mtu wa pori haachi. Na kila alipokwenda, alimtuma mama mkwe aniambie nimfuate. Hakuwataka wanawe, wala vijana wa kijiji waliokuwa na mikuki. "Mkamwana na aje," ndivyo alivyosema. Alipoinama kukata alihakikisha kwanza kwamba nimesimama pale ninapoweza kuona, karibu kiasi cha kusikika. Nikienda mbali kidogo kufunga mzigo, wimbo wake ulinyamaza mpaka nirudi.

Hakuwahi kunishukuru, wala kukanusha kauli yake, wala kunitazama tena usoni. Nami sikumwuliza. Nilisimama juu ya kichuguu na panga langu, nikatazama matete. Tuliporudi jioni, yeye akichechemea mbele na mimi nyuma na mzigo, wanawake waliokaa milangoni walitutazama tukipita, wakaambiana kwamba yule mke sasa amefunzika.